Mchungaji anataka nimkumbatie mbele ya kanisa. Nikikataa, nimetenda dhambi?

*"Nilikuwa na miaka 16 tulipochomewa nyumba Januari 2008, karibu na Burnt Forest. Baba alikatwa kwa panga uani, akafariki njiani kabla hatujafika hospitali. Katika lile kundi nilimwona kijana wa jirani, tuliyesoma naye shule ya msingi. Sikumwona akimkata baba, lakini alikuwepo, na baadaye mabati yetu yalionekana kwenye ghala la kwao. Mimi na mama tulihamia Nakuru. Shamba la ekari mbili na nusu bado lipo kule ila hatujarudi kuishi. Sasa yule kijana ni mzee wa kanisa, tena wa madhehebu yetu. Makanisa yetu mawili yanaandaa ibada ya maridhiano kabla ya uchaguzi wa 2027, na mchungaji wangu ameniomba nisimame naye madhabahuni, nimkumbatie na kutangaza kwamba nimemsamehe. Yeye hajawahi kuniomba msamaha. Nilipouliza, niliambiwa yaliyopita si ndwele. Tangu siku hiyo silali. Kila msimu wa kampeni hunijia harufu ya moshi hata pasipo na moto, na mikono hutetemeka. Je, nikikataa natenda dhambi? Na mbona nimeomba miaka yote hii sijapona? Tuuze shamba yaishe?"*

Dada yangu, pole. Pole kwa baba, na pole kwa kuombwa jambo zito hivi na watu ambao hawakukaa nawe usiku mmoja wa zile unazokesha.

Swali lako la kwanza nakujibu papo hapo, usilisubiri: hapana. Kukataa kupanda madhabahuni Jumapili hiyo si dhambi. Lakini nasikia swali jingine ambalo hukuliandika, nalo ndilo linalokunyima usingizi: je, upendo wa Kristo unanidai nimzike baba mara ya pili? Hilo ndilo nataka tukae nalo.

Kabla sijaendelea, yafaa ujue anayekujibu ni nani. Mimi ni mchungaji na mshauri nasaha, mzaliwa wa Uasin Gishu, na natoka katika jamii ambayo vijana wake ndio waliozingira nyumba nyingi kama yenu. Mwaka 2009 nami niliandaa ibada kama hiyo ya kwenu. Nilimshika mkono mama mjane, nikampeleka mbele, nikamweka uso kwa uso na mtu aliyemjua vizuri mno. Wakakumbatiana. Vigelegele vikapigwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba Roho wa Mungu ametembea kati yetu. Mama yule hakukanyaga kanisani kwa miaka minne. Aliporudi aliniambia kwamba siku ile alijiona kama ameuza damu ya mumewe kwa makofi yetu. Sijawahi kumlazimisha mtu kukumbatiana tena, na ninayokuandikia hapa mengi nilijifunza kwake.

Tuanze na mwili wako, kwa sababu naona unautilia shaka kana kwamba unakusaliti. Mtu anapokabiliwa na kifo, sehemu ya ubongo inayolinda uhai hupiga kengele ya hatari, na sehemu inayopanga matukio kwa tarehe na mfuatano huzidiwa kwa muda. Kwa hiyo kumbukumbu ya saa ile mara nyingi haihifadhiwi kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Inabaki vipande vipande: harufu, kelele, rangi ya anga, joto la moto usoni. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hauwezi kutofautisha wakati ule na sasa. Kwako wewe, kelele za magari ya kampeni yenye vipaza sauti na mabango yaliyobandikwa kila mti ni sehemu ya kumbukumbu ile ile, maana ndivyo nchi ilivyoonekana wiki chache kabla ya nyumba yenu kuungua. Kila miaka mitano Kenya nzima inaugusa mlango huo, nao unafunguka. Harufu ya moshi pasipo moto si pepo, si wazimu, wala si dalili ya imani haba. Ni kiwewe, na kiwewe kina matibabu.

Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba hukuomba vya kutosha. Mtu aliyevunjika mguu huomba, na pia huenda akafungwe plasta, na hakuna anayemwambia kwamba plasta ni kumkosea Mungu heshima. Maombi yako ya miaka yote hii huenda ndiyo yaliyokuweka hai. Naamini hivyo kwa moyo wangu wote. Ila mengi kati ya maombi tuliyofundishwa makanisani ni ya shukrani na ya ushindi, na tukasahau kwamba Biblia imejaa maombi ya kulia. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni Zaburi ya 13, na aliyeiandika hakukemewa. Zaburi ya 137 ina maneno makali ambayo hakuna mchungaji angekubali uyatamke kwenye kipaza sauti, na bado imo katika Maandiko, kwa sababu Mungu huona heri hasira yetu ifike mbele zake kuliko ifiche panga chini ya kitanda. Umewahi kumwambia Mungu, kwa sauti, kile unachohisi juu ya kijana yule? Kama bado, anzia hapo, ukiwa peke yako au na mtu mmoja unayemwamini.

Sasa hiyo methali. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Naipenda lugha yetu, na najua methali hiyo ina mahali pake: watu wawili wamegombana juu ya mpaka wa kuku na mboga, wamepatana, basi wasilifukue. Lakini inapotumiwa juu ya mauaji, inamwambia mgonjwa kwamba hana ugonjwa. Yako yaliyopita ni ndwele, dada. Yanakutetemesha mikono hadi leo. Nabii Yeremia aliwaona viongozi wa dini wa siku zake wakifanya jambo hili hili akasema: "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani." Kidonda kikifungwa na usaha ndani, bandeji ikawa nyeupe namna gani, kitanuka.

Na tusidanganyane kwamba sisi wa kanisa tulikuwa madaktari tu katika habari hii. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika majuma yale baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, walichomewa humo tarehe 1 Januari 2008, wengi wao wakina mama na watoto. Mwishoni mwa mwezi huo huo kule Naivasha, watu 19 waliungua ndani ya nyumba moja, na hao walikuwa wa jamii nyingine, waliouawa kwa kulipiza kisasi. Na katika kampeni zilizotangulia yote hayo, wachungaji wa kila upande walikuwa wametabiri, wamewawekea wagombea mikono, wamewaita wapinzani maadui wa Mungu. Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa waliegemea pande za kisiasa, likaomba radhi. Nilikuwa mmoja wa walioegemea. Basi kanisa linapokuja kwako leo na ratiba ya maridhiano, lije likiwa limeinama.

Ile tabia ya kupatana juu juu tuliionyeshwa pia na wakubwa wetu. Tarehe 28 Februari 2008 Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walitia saini mapatano mbele ya mpatanishi Kofi Annan, na namshukuru Mungu kwa saini zile kwa sababu zilizima moto. Mei mwaka ule serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 za kujenga upya nyumba. Waliopokea walirudi kwenye viwanja vyenye majivu, jirani yule yule akiwa ng'ambo ya ua, na hakuna aliyekaa nao kuzungumza. Kufikia uchaguzi wa 2013 viongozi wa jamii zile mbili zilizokatana Bonde la Ufa walikuwa kwenye tiketi moja, na wananchi tukaambiwa tukubali, tuendelee mbele. Kura ikapita kwa utulivu Bonde la Ufa, na utulivu una thamani yake, siubezi. Lakini mkataba wa wanasiasa hauwezi kumwombea mtu msamaha kwa ajili ya mabati.

Narudi kwenye mabati hayo kwa sababu Yesu naye angeyauliza. Zakayo alipokutana naye, hakuna aliyemwambia aseme neno la toba mbele ya umati kisha aendelee kukaa na mali ya watu. Yeye mwenyewe alisimama akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ndipo Bwana akasema wokovu umefika nyumbani humo. Toba ya Kibiblia huwa na mzigo wa kubeba kurudi kwa mwenyewe. Na ukisoma Mathayo 5, yule anayeambiwa aiache sadaka madhabahuni aende kwanza kupatana ni yule ambaye ndugu yake "ana neno juu yako". Yaani mkosaji. Makanisa yenu yamegeuza: anayeitwa madhabahuni ni wewe mwenye jeraha, na mzee wa kanisa anasubiri hapo kupokea.

Najua mchungaji wako atakukumbusha "saba mara sabini". Neno hilo ni la Bwana, silipunguzi hata nukta. Lakini Bwana huyo huyo, katika Luka 17, alisema: "kama ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu msamehe." Kuna mambo mawili hapa ambayo Kiswahili chetu cha kanisani huyachanganya. Kusamehe ndani ya moyo ni kuliachilia dai la kulipiza kisasi, kumkabidhi Mungu hukumu, kukataa chuki ikutawale na irithiwe na wanao. Hilo waweza kulifanya hata kama mtu yule amekufa au hajuti kamwe, na mara nyingi halifanyiki siku moja. Unaachilia leo, kesho unajikuta umelishika tena, unaachilia tena. Nadhani hapo ndipo hesabu ya saba mara sabini inapoeleweka vizuri zaidi: kosa lile lile moja, linalosamehewa mara nyingi. Kupatana ni jambo jingine. Kupatana kunajengwa na watu wawili, kunahitaji ukweli usemwe na aliyetenda, na hakuna mtu anayeweza kukujengea upande wa pili. Paulo alilijua hili alipoandika, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Kama yamkini. Kwa upande wenu.

Na upendo je? Mtu aliyenisaidia zaidi hapa ni Yusufu mwana wa Yakobo. Ndugu zake walipokuja Misri kutafuta nafaka, aliwatambua mara moja nao hawakumtambua. Hakuwaangukia shingoni. Alijitenga akalia peke yake. Aliwajazia magunia, hata fedha yao akawarudishia humo, maana hakutaka wafe njaa. Lakini hakuwaambia yeye ni nani. Aliwapa chakula kabla ya kuwaamini. Akamzuia Simeoni, akawajaribu kwa Benyamini, ili ajue kama ni wale wale waliomuuza. Na mtu aliyeuvunja moyo wake mwishowe ni Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza, ambaye sasa alijitoa awe mtumwa mahali pa mdogo wake. Hapo ndipo Yusufu alipoamuru watu wote watoke chumbani. Tazama hilo, dada: wakati wa kujitambulisha ulipofika, aliwatoa watazamaji. Kukumbatiana kule hakukuwa na mkutano.

Ukisoma habari yake utaona alikuwa na upendo tangu siku ya kwanza. Nafaka ilikuwa upendo. Kungoja kulikuwa upendo. Upendo, asema Paulo, "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli", na palipo na uongo hauna pa kusimama. Hata Bwana mwenyewe alipofufuka hakuficha makovu. Alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Kwa hiyo usiogope kwamba kukumbuka ni kukosa kuponywa. Siku moja utayataja majina na mahali na mikono isitetemeke. Huko ndiko kupona ninakokujua mimi, na nimewaona watu wakifika.

Kwa vitendo, ninayemfuata zaidi katika kazi hii ni marehemu Askofu Cornelius Korir wa jimbo Katoliki la Eldoret, ingawa mimi si Mkatoliki. Mwaka 2008 alifungua uwanja wa kanisa kuu la Eldoret kwa maelfu ya waliokimbia, na kazi ya upatanisho alikuwa ameianza tangu mapigano ya 1992. Njia yake aliiita amani mashinani. Hakuanza kwa kuwakutanisha mahasimu. Alianza kwa kukaa na kila upande peke yake, watu wachache, waseme yote yenye uchungu bila kumwogopa aliye ng'ambo. Kisha watu wachache kwa wachache, wakikutana mahali ambapo kila mmoja yuko salama. Kula pamoja kulikuja baadaye, na kazi za pamoja kama barabara na shule zikafuata. Ilichukua miezi, penginepo miaka. Ninyi mmepewa Jumapili moja.

Basi, una njia gani? Waweza kukataa kabisa, na hilo lisikutie hatia. Waweza kukubali kukutana naye faraghani, mbele ya watu wawili au watatu unaowachagua wewe, baada ya yeye kwanza kuandika au kumweleza mtu wa kati alichofanya siku ile na alichokiona. Naipendelea hii kwa watu wengi, lakini ina hatari: huenda akakana, na ukarudi umejeruhiwa upya. Usiende kabla hujawa na mshauri atakayekupokea ukirudi. Na usiende kule peke yako hata kidogo, hasa joto la siasa likishapanda.

Njia nyingine ni sheria. Wengi hudhani Mkristo aliyesamehe hawezi kwenda kortini. Si kweli. Kesi ya mauaji haifi kwa kupita miaka katika sheria zetu, na ushahidi wako wa kumwona mtu mahali fulani ni wako kuutoa. Sitakuficha kwamba waliohukumiwa kwa makosa ya wakati ule ni wachache sana, hata kesi zilizofika mahakama ya kimataifa kule The Hague zilikwama, na miaka imefuta mengi. Ukifikiria njia hiyo, zungumza na wakili kabla ya kuzungumza na mtu mwingine yeyote, na uulize habari za ulinzi wa mashahidi. Huko Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano aliyoiongoza Askofu Desmond Tutu ilipata maombi zaidi ya 7,000 ya msamaha wa kisheria, na mengi yalikataliwa; aliyetaka msamaha alidaiwa kwanza aeleze ukweli wote. Askofu yule hakuona aibu kudai kweli kabla ya rehema.

Kuhusu shamba: msiliuze msimu huu. Ardhi inayouzwa kwa hofu huuzwa kwa bei ya hofu, na wapo wanunuzi wanaoungojea uchaguzi kwa sababu hiyo. Kama bado liko kwa jina la baba, hamwezi kuliuza kihalali kabla ya kufungua kesi ya mirathi. Anzeni na hiyo, na mfanye upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi mjue hali yake. Uamuzi wa kuuza au kubaki nalo ufanyeni mkiwa mnalala usingizi.

Na usingizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi katika barua yako. Kama umekosa kulala wiki mbili au zaidi, au unajikuta umetoka katika wakati huu kana kwamba uko uani kwenu tena, tafuta msaada wa ana kwa ana mwezi huu, kampeni zisikukute hivi. Hospitali kubwa za kaunti zina kliniki za afya ya akili. Mwambie daktari waziwazi: nina kiwewe cha 2008. Yapo matibabu ya mazungumzo ambamo mtaalamu anakurudisha kwenye kumbukumbu ile hatua kwa hatua, kwa kasi unayoiweza, hadi ikae mahali pake kama jambo lililopita. Wengine huhitaji dawa kwa muda, na hakuna aibu. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, au ukaanza kunywa ili upate usingizi, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, au piga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Nenda na mama pia, ukiweza. Naye alikuwepo uani.

Kwa mchungaji wako, ikikuwia vigumu kupata maneno, mwambie hivi: "Mchungaji, sijakataa kusamehe. Nimekataa kusimama mbele ya watu kabla ukweli haujasemwa. Kama ndugu yule anataka kupatana nami, aanze kwa kumwambia mama alichokiona siku baba alipouawa, na arudishe mabati yetu." Halafu mwachie jambo hilo. Akikushinikiza tena, mpe barua hii aisome, na umwambie niko tayari kuja Nakuru kukaa naye.